Mikono Yote ya Kushoto

Siku hiyo samahani ya kwanza ilimtoka Mama Tiara kabla maji ya chai hayajachemka. Mwenye nyumba alibisha hodi, ndoo iliyopasuka mkononi, na kabla hajafungua kinywa, mwanamke wa watu alikuwa ameshasema, "Samahani sana, baba. Nitakununulia nyingine."

Mwenye nyumba akaitazama ndoo, kisha akamtazama yeye.

"Ndoo nimeikanyaga mwenyewe," akasema. "Nimekuja kuuliza kama mumeo ana gundi."

"Ah. Samahani."

"Lakini kama kuna jambo amelifanya mwanao na mimi sijalijua, hiyo samahani niwekee. Nitaipitia baadaye."

Hapo ndipo alipokuwa amefika Mama Tiara. Alikuwa na samahani za kila aina, kama kopo lake la vifungo. Kulikuwa na samahani ya shuleni, ya sauti ya chini na mikono nyuma. Kulikuwa na ya majirani, ya haraka haraka, maana nyumba zenyewe ni nyingi. Na kulikuwa na ya watu asiowajua, ile ya kuinamisha kichwa barabarani na kupita. Jioni akishazima cherehani alizunguka mtaa akizigawa, na mumewe, fundi friji, aliuita mzunguko huo doria.

Na lieleweke mapema, kabla mtu hajaanza kutikisa kichwa: Tiara hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na miaka tisa, mtoto wao wa pekee, na jina hilo alipewa na baba yake siku alipoanza kukimbia, maana ukilegeza uzi tu ameshapaa. Aliwapenda watu kupita kiasi. Alimpenda kuku wa jirani mpaka akamwogesha. Aliipenda redio ya baba yake mpaka akaifungua aone wanaoongea wanakaa wapi. Kitu kimoja tu hakuweza: kukaa. Daktari wa kliniki ya watoto alikuwa amelipa jambo hilo jina refu la kitabibu, na muuguzi akalivunja vipande ili lieleweke. Ubongo wa mtoto huyu, alisema, unaitika kila anayeuita, na wote wanauita kwa wakati mmoja. Si ukaidi, wala si malezi mabaya.

Mama Tiara alitoka kliniki siku ile ya kwanza akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Tatizo ni kwamba majirani hawakuwa na muuguzi.

*

Asubuhi hiyo ya ndoo ndiyo walikuwa na zamu ya kliniki. Muuguzi, mwanamke mfupi ambaye miwani yake ilishikwa na plasta upande mmoja, alimuuliza Tiara maswali yake, akajibiwa nusu, maana nusu nyingine Tiara alikuwa juu ya mizani akipanda na kushuka ili kuona kama mshale utachoka.

"Haya," muuguzi akasema, akimgeukia mama. "Na wewe unalala?"

"Analala vizuri siku hizi, dada. Akishashikwa na usingizi hata umbebe hajui."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi?" Mama Tiara akatafuta jibu kama anayetafuta sindano sakafuni. "Samahani."

"Umenikosea nini?"

Akafikiri. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, hakupata.

Muuguzi akavuta kiti chake karibu. Akamwambia kwamba kila Alhamisi mchana wazazi wenye watoto wa namna hii hukutana pale kliniki, chumba cha nyuma. Hakuna anayefundishwa wala kugombezwa.

"Sasa mnafanya nini?"

"Wanakunywa chai, wanalalamika. Juzi baba mmoja alilala kitini tangu mwanzo hadi mwisho, na alipoamka akasema hajawahi kuhudhuria mkutano mzuri kama ule."

Mama Tiara alicheka, kisha akaacha. "Na Tiara nimwache na nani?"

"Ndugu hamna?"

Ndugu alikuwepo. Dada mkubwa wa mumewe, askari magereza mstaafu, mwanamke wa kutembea mikono nyuma hata akienda kununua chumvi. Ukoo mzima ulimwita Afande, na mwenyewe alipenda. Kila alipokuja alikaa ukingoni mwa kiti, akamtazama Tiara akipita mbio, kisha akasema neno lake lile lile: "Mbaneni huyu. Mnamlegezea." Mama Tiara alimwogopa kuliko alivyomwogopa mwalimu mkuu.

"Yupo," akasema. "Lakini hafai."

"Dawa ya mtoto nikikuandikia utaipata," muuguzi akasema. "Ya kwako ni mtu wa kukupokea, siku moja tu kwa wiki. Hiyo haiko kabatini. Itafute, mama. Ukianguka wewe, na yeye hana pa kusimama."

Mama Tiara akaitikia, akashukuru, akamshusha mtoto kutoka kwenye mizani, akaiomba mizani radhi. Hili la mwisho hakuligundua mwenyewe.

*

Siku iliyofuata alitandika kitambaa cha kwaya.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa, na aliipata kwa mbinde. Mwenyekiti wa kwaya, bwana mwenye sauti inayojaza chumba hata akinong'ona, alikuwa amemletea satini ya zambarau ashone majoho ya waimbaji wote, yavaliwe kwenye tamasha la Jumapili ya wiki ijayo. Mafundi wa mjini walikuwa wameinyemelea kazi hiyo. Yeye alipewa kwa sababu mishono yake haikunyooshewa kidole na mtu.

Sasa satini ina uso na mgongo. Upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Kitambaa cha namna hiyo hukatwa kikiwa kimelazwa uso kwa uso, ili mkasi ukipita mara moja upate mkono wa kulia na wa kushoto. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hilo analijua, na Mama Tiara alikuwa amewafundisha wanafunzi kadhaa.

Alilaza tabaka za kwanza vizuri. Simu ikaita. Mwalimu wa zamu: Tiara amepanda juu ya tangi la maji la shule, na anasema hashuki mpaka aambiwe maji yanajuaje kuteremka. Mama Tiara akakunja kitambaa kisikanyagwe, akaenda. Akatoa samahani kwa mwalimu, kwa mwalimu mkuu, na kwa mlinzi aliyechaniwa shati na ngazi. Walimwambia akae naye nyumbani siku hiyo, wapumue. Neno hilo lilimkaa kooni njia nzima. Wao walikuwa wengi, wanapokezana, na bado walihitaji kupumua.

Nyumbani akatandika upya. Tiara akauliza kama kitambaa kinaumia kikikatwa. Mama akaenda kumtoa kwenye dirisha. Akarudi, akalaza tabaka. Jirani akaja kulalamika kuhusu kuku, yule yule, kwamba tangu aogeshwe hatagi. Akatoa samahani, akarudi, akalaza tabaka. Tiara akamwaga kopo la vifungo apate kusikia vinavyolia. Akaviokota, akarudi, akalaza tabaka, akashika mkasi mkubwa, akakata mikono yote kwa mara moja, kwa hasira, kabla mtu mwingine hajamwita.

Mkono wa kwanza aliouweka begani mwa joho ulikaa kama umezaliwa pale. Wa kushoto, safi. Akachukua wa kulia. Ukagoma. Akaugeuza, uking'aa kwa ndani. Akachukua mwingine. Wa kushoto. Mwingine. Wa kushoto. Akalimwaga lundo lote sakafuni akaanza kulipekua, jasho jembamba likimtoka, na kila alioushika ulikuwa wa kushoto.

*

Fundi friji aliporudi jioni alimkuta mkewe amekaa katikati ya lundo la zambarau akicheka. Na yeye akacheka kidogo, kwa adabu, akisubiri aelezwe utani. Hakuelezwa. Kicheko kilipanda, kikavunjika, kikawa kilio, na fundi friji akabaki ameshika bisibisi asijue aiweke wapi.

"Tutaona la kufanya," akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Tutaona.

"Wewe unaona saa ngapi?" mkewe akamuuliza, uso umelowa. "Jumapili una friji. Sikukuu una friji. Friji gani hizi zinazougua siku za mapumziko tu?"

Mwanamume akaketi sakafuni kando yake, juu ya lundo la mikono.

"Kuna friji moja," akasema, "ya yule mama mwenye duka la maziwa. Nimeitengeneza mara tatu."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ilikuwa nzima mara zote tatu." Akafuta bisibisi kwa shati. "Dukani kwake kunatulia. Naifungua, naitazama, naifunga."

Mama Tiara angeweza kumrushia mkasi. Kilichomuuma hasa ni kwamba alimwelewa. Alimwonea wivu, tena wivu mkali kuliko wa mwanamke mwingine: mume wake alikuwa na friji, na yeye hakuwa na kitu cha kwenda kukitazama.

Hali hiyo ndiyo aliyoikuta Afande alipoingia kesho yake bila hodi. Aliona lundo, akamwona wifi yake na macho yake mekundu, akaona pazia likining'inia kwa pete moja, na kwa mbali, juu ya paa la choo, akamwona Tiara akihutubia. Hakukaa.

"Shule ya bweni," akasema. "Mkuu wa bweni nilifanya naye kazi. Kengele ya kuamka, kengele ya kula, kengele ya kulala. Nafasi ninayo. Jumamosi nampitia, Jumatatu anaanza."

"Dada, tutaona," fundi friji akaanza.

"Wewe umeona nini miaka yote hii? Mke wako anakwisha hivi, kama sabuni." Akamgeukia wifi, na kusema kweli sauti ilikuwa na huruma ndani yake, ingawa ilikuwa imevaa buti. "Nimefungia watu wakubwa kuliko huyu, wifi. Nimchukue?"

Mama Tiara aliangalia mikono ya kushoto sakafuni. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Na neno likamtoka jepesi, kama lilikuwa limekaa mlangoni likingoja tu kufunguliwa.

"Mchukue."

*

Siku zilizobaki alizipitisha macho makavu. Alimweleza Tiara kuhusu bweni huku akipiga pasi, asimtazame usoni. Alisema kuna uwanja mkubwa. Alisema kuna marafiki. Tiara akauliza kama kuna tangi la maji, akaambiwa bila shaka, na maswali yakaishia hapo. Hilo lingemshtua Mama Tiara kama angekuwa na nguvu za kushtuka.

Alimpigia pia mwenyekiti wa kwaya, akakiri yote. Sauti ikaijaza simu.

"Mama, kwaya yangu ina watu wa kawaida. Kila mmoja ana mkono wa kulia."

"Najua, mwenyekiti. Samahani."

"Samahani haivaliki. Jumatano nakuja. Nisipokuta majoho, kitambaa kilichobaki nakipeleka mjini, na mtaa mzima utajua kwa nini."

Asubuhi ya Jumamosi ilikuja na kimya. Mama Tiara aliamshwa nacho. Katika nyumba ile kelele hazikuamsha mtu, ila kimya kilikuwa ishara ya hatari: mara ya mwisho kulipokuwa kimya, Tiara alikuwa anampaka paka rangi ya kucha. Akatoka mbio pekupeku hadi chumba cha mbele.

Tiara alikuwa ameketi kitini karibu na mlango.

Alikuwa amevaa. Viatu vyote viwili vilikuwa miguuni, tena kila kimoja mguu wake, kamba zimefungwa. Nywele alijichana mwenyewe, upande mmoja vizuri. Mkoba ulikuwa miguuni pake umefungwa, na juu yake sweta, na juu ya sweta mswaki. Mtoto ambaye kila siku ya shule alirudishwa mlangoni mara tatu, mara daftari, mara soksi, mara chakula, mara mkoba wenyewe, hakuwa amesahau kitu. Mikono ilikuwa mapajani. Mgongo ulikuwa umenyooka. Alikuwa ametulia.

Miaka yote Mama Tiara alikuwa ameliomba neno hilo. Tulia. Alilisema akimchana nywele, akimlisha, akimvusha barabara. Alilisema usingizini, mumewe ni shahidi. Sasa lilikuwa limekaa kitini mbele yake.

"Umeamka saa ngapi?"

"Sijui. Kulikuwa na giza kidogo." Tiara hakugeuza kichwa, alisogeza macho tu. "Sikutaka kusahau kitu. Nikisahau huko bwenini hakuna wa kunirudisha mlangoni."

"Na mbona umekaa hivyo?"

"Ndivyo wanavyokaa. Nimejizoeza tangu juzi." Akasogeza macho mlangoni. "Mama, nikikaa hivi mpaka shangazi aje, bado nitaenda?"

Mama Tiara akatazama chini. Ndani ya viatu vile vilivyofungwa vizuri, vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Ngozi ya viatu ilipanda na kushuka kama imefungiwa panya. Kila kitu kingine mtoto alikuwa amekizuia, kwa nguvu zake zote, na shingoni mshipa ulikuwa umemsimama. Ile haikuwa tulia aliyoiomba. Mwanawe alikuwa amejifunga mwenyewe kabla askari hajafika.

Aliona haya kuliko siku zote za doria zikijumlishwa pamoja. Na alimpenda mtoto huyo vibaya sana, mpaka ikabidi ashike fremu ya mlango.

"Vua viatu," akasema.

"Vyote?"

"Vyote. Tupa popote. Kimbia."

Tiara akamtazama kuona kama ni mtego. Kisha kiti kikabaki peke yake, kiatu kimoja kikagonga ukuta, na kutoka uani kukasikika kuku wa jirani akianza kulalamika.

*

Afande alikuja kama alivyosema, amevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama, mikono nyuma.

"Yuko wapi?"

"Juu ya ukuta," Mama Tiara akasema.

"Mteremshe. Tunachelewa."

Fundi friji alitokea kutoka chumbani. Siku hiyo hakuwa na friji. "Dada," akasema, na safari hii hakusema tutaona. "Haendi."

"Nani kasema?"

"Mimi, wifi," Mama Tiara akasema. Samahani ilimjia hadi kwenye meno. Akaifungia hapo. "Siku ile uliniuliza nikakwambia mchukue. Nilikata vibaya. Wa kuchukuliwa nilikuwa mimi."

Afande akamtazama juu hadi chini. "Wewe unataka kwenda bwenini?"

"Nataka kwenda kulala. Nyumbani kwako kuna kitanda, na hakuna mtu anayepanda mizani. Ukitaka kutusaidia, na najua unataka, usimtoe mtoto hapa. Kaa naye leo mpaka jioni, wewe na baba yake. Mimi ndiye ninayetoka." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nipe ufunguo."

Katika utumishi wake wote, kuanzia kuruta mpaka kiinua mgongo, hakuna aliyewahi kumwomba Afande ufunguo akapewa. Walioomba walikuwa wengi, na baadhi walilia vizuri sana. Mkono wake ukaenda kiunoni wenyewe, ukafunika fungu la funguo, kama ulivyozoea.

"Mpaka jioni tu," akasema hatimaye.

"Jioni tu."

"Nimefungia watu wakubwa kuliko huyu," Afande akasema, safari hii kama anayejikumbusha. Akachomoa ufunguo, akautazama, akauweka kiganjani.

*

Nyumba ya Afande ilinyooka kama gwaride. Sahani zilipangwa kwa urefu. Mashuka yalikazwa hata sarafu ingedunda. Mama Tiara alijilaza juu yake na gauni lake, akangoja kuitwa. Hakuitwa. Kimya kikamzonga, akainuka mara mbili kwenda kutazama paa. Mara ya tatu hakuinuka.

Alilala usingizi wa mtu aliyeangushwa. Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na mate yalikuwa yamelowesha mto wa serikali. Akabaki anaangalia dari. Hakuna aliyekuwa anamwita, wala hakuwa akisubiri kuitwa, na ndani ya kichwa chake, mahali palipokuwa na msongamano tangu hajui lini, akapita mtu mmoja tu, taratibu, akiwa amebeba joho la zambarau lisilo na mikono.

Akakaa kitako kitandani.

Joho lisilo na mikono, juu ya shati jeupe. Mashati meupe kila mwanakwaya anayo. Na mikono ya kushoto ikikatwa mapande marefu, ikaunganishwa, ni skafu za kuteremka kifuani, zinang'aa pande zote. Haikuwa hata kazi ngumu. Ilikuwa kazi ya siku mbili, na siku zote hizi ilikuwa imelala pale sakafuni ikimngoja aamke. Akacheka peke yake, kwa sauti, na mara hii kicheko hakikugeuka kitu kingine. Kisha akayakunja mashuka vizuri, akaona hayakai kama yalivyokuwa, akayaacha.

*

Alipofika kwake, alikuta mlango uko wazi na pazia halipo kabisa. Fundi friji alikuwa uani, amejiinamia juu ya ndoo ya mwenye nyumba na gundi yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

"Ingia tu," akasema. "Mimi nimekatazwa kumtembelea."

Ndani, katikati ya chumba cha mbele, kulikuwa na duara lililochorwa sakafuni kwa chaki ya kukatia nguo. Ndani ya duara alikuwa ameketi Afande, pekupeku, miguu imekunjwa, vifungo vya zambarau vimening'inia nyweleni. Suruali ya kaki ilikuwa imesahau pasi.

"Siruhusiwi kutoka," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, imebaki mnong'ono. "Nina kifungo."

"Kosa gani?"

"Kumwambia atulie. Mara ya kwanza nilipewa onyo."

"Umekata rufaa?"

"Imetupwa. Hakimu alikuwa anaendesha baiskeli." Akainua macho, na yalikuwa macho ambayo Mama Tiara aliyafahamu vizuri, maana huyaona kwenye kioo. "Wifi, kila siku iko hivi?"

"Hapana. Leo ametulia kidogo. Kuna mgeni."

Afande akapapasa kichwa. Akatoa kifungo kimoja nyweleni, akakizungusha vidoleni.

"Miaka yote hii nilikuwa nakuja hapa nakwambia umbane."

"Ndiyo."

"Nakaa kidogo, nakunywa chai yako, nakwambia umbane, naondoka."

"Ndiyo, wifi."

"Mbona hukunipiga na pasi?"

"Nilifikiria," Mama Tiara akasema.

Afande akaitikia kwa kichwa, kama aliyepokea taarifa ya kawaida. Akakohoa. Mdomo wake ukajaribu neno moja, ukaliacha, ukalirudia, kama mtu anayevaa kiatu cha kuazima.

"Basi nisamehe," akasema.

"Samahani, wifi, sikutaka..."

"Nyamaza. Hii ni yangu. Za kwako umeshatoa za kutosha."

Mama Tiara akanyamaza. Akakaa sakafuni, nje ya duara, na machozi yakamshuka bila kelele. Afande alitazama pembeni, kama wafanyavyo watu wenye heshima.

Alipomrudishia ufunguo, Afande hakuupokea. "Kaa nao," akasema. "Ninao mwingine. Na hiyo mikutano ya Alhamisi, mdogo wangu kanieleza. Nendeni wote wawili, hata kama ni kusinzia tu. Alhamisi nakuja mimi. Na Jumamosi."

Tiara aliingia kwa kishindo, kiatu kimoja mguuni, uso una gundi. "Shangazi, kifungo kimekwisha. Umeachiwa."

Afande akainuka kwa kushika meza, magoti yakilia, akafuta mstari wa chaki kwa unyayo ili apite. "Nimeona wengi wakiachiwa," akamnong'oneza wifi yake. "Huyu ni wa kwanza kupanga siku ya kurudi."

Afande alikuwa bado anatafuta kiatu chake cha pili mlango ulipogongwa. "Hodi," ikasema sauti ya mwenye nyumba, na juu ya sauti hiyo, mbali kidogo, kuku.

Mama Tiara akafuta uso, akaenda mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa amesimama, amekunja uso, kiatu cha Afande mkononi, maji yakichuruzika kutoka ndani yake. Akangoja. Alizoea kungoja kidogo tu.

"Karibu, baba," Mama Tiara akasema, akaegemea fremu ya mlango, ufunguo ukiwa joto mfukoni. "Sema, nakusikiliza."